Chanda na Pete

Kabla ya zamu, saa moja kasorobo asubuhi,
mama aliivua pete yake ya ndoa
akaitumbukiza katika kikopo cha peremende
chenye jina lake kwenye mfuniko: D. Furtado.
Dhahabu ilikatazwa mezani. Ingeweza kukwaruza waya.

Hapo ndipo pete nyingine zilipoanza:
vijipete vya chuma, vidogo kuliko punje ya mtama,
safu kwa safu kama meno ya kitana.
Mkabala naye alikaa Bronia Stachura, Mpolandi wa maneno machache,
wakipokezana sindano yenye mkia wa waya wa shaba
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Waya ukipita ndani ya pete, hiyo ni moja.
Ukipita nje, hiyo ni sufuri.
Ndani. Nje. Nje. Ndani.
Hivyo ndivyo chombo kilivyofundishwa njia ya kwenda mwezini,
kwa mtande na mshindio,
katika kiwanda cha Waltham, jimbo la Massachusetts,
theluji ikifika magotini nje ya lango.

Wahandisi, vijana wenye tai nyembamba,
waliuita ufundi ule kumbukumbu ya vibibi.
Mama alikuwa na miaka thelathini na minne.
Kutarizi kitani alifundishwa na shangazi zake
katika visiwa vya Azore, ambako, alisema,
mwezi huharibu maziwa yaliyoachwa bila kawa.
"Nalipwa na mwezi," alitutania, "na mwezi unakula wote:
kodi ya mwezi, makaa ya mwezi,
na wewe unayezidi viatu kila mwezi."

Mara moja tu alikosea.
Ilikuwa Februari; mimi nilikuwa na surua
naye hakulala. Pete moja: nje palipotakiwa ndani.
Mashine ya ukaguzi iliwasha taa nyekundu.
Msimamizi hakufoka. Alisema tu
kwamba kuna watu watatu watakaokaa juu ya kosa hili.
Siku tatu alifumua, waya kwa waya,
kisha akafuma upya,
na tangu hapo hata mkate aliukata kwa kuhesabu.

Usiku ule wa Julai mtaa mzima ulihamia kwa kina Stachura,
wenye televisheni. Nilikuwa na miaka minane, nimekaa sakafuni.
Wanaume walipiga makofi, mmoja akamwaga bia.
Mama hakutazama picha. Alitazama vidole vyake,
midomo ikimchezacheza.
Mguu ulipogusa vumbi, akapumua,
akaomba maji.

Wasemao chanda chema huvikwa pete
hawakufika Waltham.
Vyake vilizivika waya pete maelfu kwa maelfu,
na safari zilipokatizwa akapewa keki na barua:
keki ina mwezi wa sukari,
barua ina sahihi ya mtu asiyemjua.
Bronia akaenda kiwanda cha saa.
Mama akashona mapazia ya hoteli.

Majina yaliyochongwa ukutani ni ya waliopanda.
Sina kinyongo nao; walikwenda mbali, wangeweza wasirudi.
Ila kamba hukatikia pembamba,
na pembamba pote palipita mikononi mwa wanawake
waliorudi nyumbani kwa basi.

Chombo cha kushukia, kilipomaliza kazi yake,
kiliachwa, kikaanguka hukohuko.
Kwa hiyo ipo mahali, katika vumbi lisilojua upepo,
kazi ya mkono wake:
labda imepondeka, haijafumuka.

Sasa ana miaka tisini.
Jina langu limemtoka; ananiita Bronia.
Pete haivuliki tena, vifundo vimevimba.
Jioni, katika makao ya wazee, anashika ncha moja ya blanketi,
mimi nashika nyingine, mkabala,
naye ananinyooshea sindano ambayo haipo.
Naipokea.
"Ndani au nje?" namuuliza.
Ananikazia macho kama msimamizi.
"Angalia karatasi," anasema.