Kadi ya Sekela

Tawi letu la Kiwira bado lina rangi ileile,
ila bati ni jipya, na viti vinazunguka.
Zamani tulikalia magunia ya kahawa,
ada shilingi mbili, au kisado cha viazi,
na katibu tulimwita ndugu.

Kahawa iling'olewa. Likaja parachichi,
akaja mwenye parachichi,
ndugu akawa mheshimiwa,
na wachuma chai wakavuka barabara
kwenda kwenye bendera nyingine.

Sekela Mwakifuna hakuvuka.
Jana kaja na kadi yake iliyolika pembe.
Kijana wa mlangoni akaigeuza,
akaigeuza tena:
"Bibi, hii ya chama gani?"

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani.
"Chenu," akasema,
akaketi sakafuni,
pale palipokuwa na magunia.