Karatasi ya Siri

Juneau, Februari. Theluji imeziba ngazi za Bunge.
Nadine Kvasnikof anatia saini:
*yatakayosemwa humu yabaki humu.*
Msuluhishi anafunga mlango mara mbili,
kana kwamba kitasa nacho kina masikio.

Anasema yote. Simu za saa nane usiku,
kicheko,
mkono wa mheshimiwa begani, ukikawia.
Kalamu inakwaruza. Kisha kabrasha,
utepe, kabati, ufunguo.

Jioni mumewe anauliza, vipi leo?
Theluji tu, anajibu,
na kiazi anachokimenya
kimebaki kama gololi.

Asubuhi, ndani ya lifti,
karani mpya wa ofisi ileile
anajipangusa bega,
pale pale.
Nadine anafumbua kinywa.

Saini yake mwenyewe inakifumba.