Kona ya Vijumba

Daftari la wizara linasema ajali tatu.
Kona hii, miaka kumi, ajali tatu.
Mimi nimehesabu vijumba kumi na kimoja
kabla sijakunjua futi kamba.

Huku kusini mwa Chile, mtu akifia barabarani
hujengewa kijumba pale pale pumzi ilipokatikia:
kimo cha goti, paa la bati, mlango usio na komeo,
ndani mshumaa, picha, pengine kofia.
Kimoja kina usukani uliopinda.
Kimoja kina chupa ya maziwa. Hicho sikukiandikia umri.

Bi Edelmira Huenchullán huja kila Jumatatu na ndoo,
hufuta vioo vyote, si cha mwanawe tu.
"Unapima nini?"
Mwinamo, nikamwambia. Ona, lami imelalia bondeni
ilipopaswa kuegemea mlima; gari likija na mwendo
barabara yenyewe hulisukuma nje.
Alikamua kitambaa. Maji yakafuata mwinamo,
yakavuka mstari mweupe, yakatumbukia korongoni.
"Miaka yote tukisema ni shetani," akasema.
"Kumbe ni fundi."

Kisha akanifundisha lisilokuwa daftarini:
kwamba saa kumi na moja jioni, mwezi wa Mei,
madereva wa malori ya magogo
hutoka kwenye giza la mikaratusi
jua likiwangoja usoni;
kwamba kituo cha basi la shule
kiko pale pale wanapopofuka.

Ajali haina kinga, bosi alinijibu kwenye simu.
Kinga ipo, nikasema, ila ina bei:
miti tisa, greda siku sita,
ukingo wa chuma mita mia mbili,
kituo kisogezwe hadi penye daraja.
Akauliza, na vile vijumba?
Mstari wa ramani ulivipitia katikati.
Usiku ule niliufuta mara nne
hadi raba ikatoboa karatasi.

Sasa ukingo umepinda, wapimaji wenzangu huucheka;
unavizunguka vijumba
kama mkono wa mtoto uliozunguka sahani.
Baridi mbili zimepita. Vingali kumi na kimoja.
Nani nimemwokoa, sijui, wala sitajua:
asiyekufa hajengewi kitu,
hupita tu, dirisha wazi,
akitafuta stesheni ya redio.