Herufi Moja

Niliusoma mpango usiku, zamu imetulia kidogo,
kurasa mia mbili na kumi na mbili, Kiingereza kitupu,
na kwa kuwa wenzangu chamani waliniomba
nikaugeuza kwa Kiswahili chetu cha Arua,
kile cha sokoni na cha kambi ya zamani ya askari,
nikiandika nyuma ya chati za joto za wagonjwa.

Hapo ndipo nilipoiona.
Wauguzi watapangwa.
Wafagiaji watapunguzwa.
Wakunga watahamishwa, watapimwa, watajulishwa.
Kila kitenzi kina w kisiginoni
kama funza: kadudu kadogo,
lakini mtazame mtu anavyochechemea.

Nikamsomea Candiru, apigaye deki wodi ya wazazi
kwa maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka kisimani.
Akauliza, "Humo mote sisi tunafanya nini?"
Nikamwambia: tunafanywa.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Kisha akaacha kucheka.

Onzima wa chumba cha maiti alitaka kujua
kama glavu zimo. Nikapekua.
Ukurasa wa tisini: vifaa vitapatikana.
"Vitajipata vyenyewe?" akauliza. "Vina miguu?"

Wakanichagua niende Kampala.
Dereva wa ambulensi, ambaye gari lake
limekaa juu ya matofali tangu Pasaka,
alichanga elfu tano na akadai risiti.
Usiku kucha basini. Karuma maji yalinguruma gizani,
na mimi daftari la zamu mapajani
kama mtoto wa mtu niliyeachiwa nimshike.

Hotelini Kololo: meza ndefu, chupa ndogondogo za maji,
jina langu limekosewa kwenye kadi.
Chama cha wafanyakazi kilipewa dakika tano,
chini ya Mengineyo, kabla ya chai.

Sikuhutubia. Nilifungua daftari, nikasoma:
Saa nane usiku. Umeme umekatika. Mama wa mapacha.
Muuguzi mmoja, vitanda thelathini na vinne.
Tochi ya simu, nimeiuma kwa meno.
Saa tisa: wa kwanza, msichana, amelia.
Saa tisa na dakika ishirini: simu imezima.

Nikafunga hapo.
Hakuna aliyeuliza habari za wa pili.
Nawe usiniulize.

Bwana Ssekabira, mkuu wa wapangaji,
alivua miwani akaifuta kwa tai.
"Basi mnataka nini? Mshahara?"
Na mshahara, ndiyo, nikasema,
sioni haya kuutaja, nina watoto na kodi ya nyumba.
Lakini kwanza toeni w.
Watapangwa iandikwe watapanga.
Anayejua bomba lipi linavuja
awepo linapochorwa bomba,
si aitwe na ndoo baada ya mafuriko.

Walibishana mpaka chai ikapoa.
Mwanasheria akasema herufi moja ina gharama.
Nikamjibu gharama yake tunaijua,
tumekuwa tukiilipa.

Jioni wakaridhia aya tatu:
mgawanyo wa zamu, ununuzi wa vifaa, nyumba za watumishi.
Humo tumeandikwa kama watu watendao.
Kwingine kote w zimebaki zimejibanza.
Watapunguzwa imebaki.

Nilirudi asubuhi, miguu imevimba.
Candiru alikuwa ukumbini na ndoo mbili.
"Ngapi?"
Tatu.
"Kati ya ngapi?"
Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa, nikavua viatu.
Akanitazama nyayo kwa muda.
"Funza hutolewa mmojammoja," akasema, "kwa pini.
Na mwenye mguu ndiye ajuaye panapowasha."
Halafu akaondoka na ndoo zake,
maana foleni ya kisimani
haimngoji mjumbe.