Namba Kumi

Turubai hili lilifunika sufu miaka tisa
kabla sijalikata kwa kisu cha kuchinjia kondoo
na kulishona mifuko kumi na sita, myembamba,
kila soketi na chumba chake.
Zamani zilikaa katika soksi ya kaka yangu Isidro,
soketi ndani ya soksi, kelele tupu,
zikigombana kilomita mia za changarawe
kutoka Gregores kwenda Bajo Caracoles,
na kila nikikwama nazimwaga zote barabarani,
napiga magoti kama mtu anayechambua dengu.

Kitabu kinasema: panga kwa ukubwa,
ndogo kushoto, kubwa kulia, watoto wa shule mstarini.
Kitabu hakijawahi kulala njiani mwezi wa Julai,
tochi mdomoni, upepo ukitaka kung'oa mlango.
Mimi nimepanga kwa maradhi.
Kumi na kumi na tatu pamoja,
maana betri haiugui peke yake.
Kumi na saba na kumi na tisa chini, karibu na fundo:
hizo za magurudumu, huitwa kwanza
na huitwa kwa matusi.
Ile ndefu ya plagi nimeivika kipande cha mpira.
Nane, ndogo kama jino la mwanakondoo,
iko penye kifungo, kwa sababu ina tabia ya kutoroka.

Kisha rangi ya kucha: tone moja jekundu kwa kumi,
mawili kwa kumi na tatu,
njano kwa zilizochakaa ndani.
Dada yetu Zulema aliuliza kama nachumbia spana.
Nikamwambia, tone likikauka huacha kinundu,
na usiku kidole gumba ndicho kinachosoma.

Gari lenyewe ni spana mkononi, sikatai.

Sasa, namba kumi.
Ilipotea majira ya kukata manyoya, miaka mitatu nyuma,
na aliyeishika mwisho, nilisema, ni Isidro.
Nilisema jikoni, mbele ya mkewe.
Akakana. Nikasema tena.
Mara ya tatu hakukana.
Alichonga kijiti kutoka kigingi cha uzio,
akakichora 1 na 0 kwa ncha ya msumari,
akakisukuma katika mfuko mtupu.
"Pengo lisikukodolee macho," akasema.
"Nimeipoteza mimi. Yaishe."
Yakaisha. Au niliita hivyo,
huku nikitumia praisi, nati zikiliwa pembe,
na kila nati nikiitaja kwa jina lake.

Jana, baada ya daraja la tatu, mkanda wa feni ulikatika.
Nikainua boneti; kofia yangu ikaenda zake Atlantiki.
Nikapenyeza mkono chini ya sahani ya betri
kutafuta nati iliyodondoka,
vidole vikagusa kitu cha duara, baridi,
kimevaa grisi na vumbi kama koti.
Nikakifuta kwa mate na mkono wa sweta.
Tone moja. Jekundu.

Mkono wangu mwenyewe ndio ulioiacha pale.
Miaka mitatu tumesafiri pamoja,
yenyewe chini ya boneti, mimi nyuma ya usukani,
nikimlaani mtu aliyelala nyumbani kwake.

Pale hakuna mtandao. Kulikuwa na guanako wanne,
walionitazama kwa adabu, wakarudi kula.
Nikafunga mkanda mpya. Nikafuta soketi zote,
nikazihesabu, nikazilaza.
Kwenye mfuko wa kumi kijiti kimekaa,
kimeng'ara kwa kuguswa,
hakikutaka kutoka, wala sikukivuta.
Namba kumi ikarudi nyumbani mfukoni mwa koti,
ikigongana na funguo njia nzima.

Usiku huu nina sindano ya magunia na uzi wa nailoni.
Nashona mfuko wa kumi na saba, ubavuni mwa ule.
Isidro yuko mlangoni, anavua buti,
hajauliza nashona nini.
Birika liko motoni.
Nitamwambia.
Ngoja kwanza uzi upite tundu.