Siku Kumi na Moja

Naandika risiti, Mtaa wa Rwagasore,
duka la vifaa, kaunta ya pili toka mlangoni.
Jumatatu aliingia Bwana Rwehumbiza, mkandarasi,
akataka vanishi makopo sita, brashi laini,
na kamba nyeupe mita thelathini, "isiyokunywa maji."
Ni ya boti yake, ile ya tanga la buluu pale Capri Point,
inayotoka ghubani Jumapili moja kati ya nne.
Tanga jipya, alisema kama atajaye bei ya nyanya,
milioni nane. Bado ushuru.

Nikagonga mhuri. Mkono haukutetemeka.

Nyumbani Mabatini, juu kule mawe yanakoegemeana
kama walevi wanaosindikizana,
kaka yangu Nkwabi anafuga njiwa.
Si wa kuchinja. Wa kutazama.
Jozi ya mwisho, weupe, mikia kama feni,
ilitoka Shinyanga ndani ya boksi la sabuni:
elfu themanini na nane.
Wifi yangu Kabula hakusema neno.
Alipika uji mchana, akapika uji usiku,
akaandaa kwa adabu zote.

Hesabu ndiyo kazi yangu, nikaikalia.
Shilingi nikaziweka kando, zinadanganya;
nikapima kwa siku.
Tanga lile ni siku nne za Bwana Rwehumbiza,
tena za kukaa, simu sikioni.
Njiwa wawili ni siku kumi na moja za Nkwabi,
za mkokoteni, Kirumba hadi Igoma,
magunia ya dagaa yakimvujia harufu mgongoni.
Nikarudia. Jibu lilelile.
Kati ya hawa wawili, mwenye anasa ya kitajiri
anavaa ndala za rangi mbili.

Nikapanda mawe na karatasi yangu, nimwonyeshe.
Nikamkuta amepiga mluzi, na wale weupe wamepaa,
wakageuka wote kwa pamoja juu ya ziwa,
jua likawapata matumboni.
"Umeona?"
Nikasema nimeona.
Karatasi nikafungia karanga.

Wiki ya pili mmoja hakurudi kulala.
Nkwabi alimfuata kwa miguu hadi Capri Point,
akamkuta juu ya mlingoti wa boti ileile,
ametulia kama mwenye hati.
Bwana Rwehumbiza yuko chini, mikono imejaa vanishi.
"Ni wako? Una bahati, kijana.
Starehe yako inajiokotea chakula chini.
Yangu inakula benki."
Nkwabi akamwonea huruma, kweli kabisa,
akampa pole.
Alipotusimulia, Kabula alicheka,
ila kicheko chake kilikuwa na uji ndani.

Na mimi, mwenye kalamu?
Kila tarehe tano, mshahara ungali na joto,
napanda kivuko cha Kamanga. Sina ndugu Kamanga.
Nasimama ukingoni upepo unitoe riba na madeni,
nashuka, nakunywa soda moja taratibu,
napanda tena, natazama Mwanza ikinijia
na mawe yake, moja baada ya moja.
"Ulifuata nini huko?" mama huuliza.
"Kurudi."

Hiyo sijaipigia hesabu.
Daftari lipo, kalamu ina wino.
Tarehe tano ni keshokutwa.