Kiungo cha Ijumaa

Kila lifti ilipopanda, mtandao ulikatika.
Ndilo lalamiko lenyewe, limeandikwa kwa herufi kubwa
na Madam Vanhoutte wa masjala, akalipigia mstari mara mbili.
Nikashuka na tochi chini ya kiwanda cha zamani cha sufu, Roubaix,
ambamo mashine ziliuzwa kitambo, yamebaki majalada
na harufu ya mafuta ya kondoo isiyokubali kufukuzwa.

Nikalikuta nyuma ya bomba: kopo la plastiki, utepe mweusi,
ndani yake kebo mbili zimeshikana kama wageni kwenye picha.
Moja ya kijivu, nene, koti la foili, omu mia na ishirini,
ya enzi ile tulipopenda vipimo vyetu wenyewe.
Nyingine nyeupe, nyembamba, haina koti, omu mia kamili.

Sikiliza: ishirini haiui mtu.
Ishara ikifika mpakani hujikwaa,
kipande chake kikarudi nyuma kama aliyesahau funguo,
kilichobaki kikaendelea na safari.
Kilichonichoma ni nyaya zenyewe,
zimesokotolewa urefu wa kiganja,
buluu mbali na mwenzake, chungwa kando, kahawia huko,
na foili inaning'inia, haikufungwa ardhini.
Mitambo ya polepole ilivumilia miaka yote hiyo.
Swichi mpya iliyoletwa Machi ina haraka. Haikuvumilia.

Juu ya kichwa changu wanawake walisokota uzi tangu enzi za mvuke.
Nyuzi mbili zikizungukana,
kelele iliyougusa huu inaugusa na ule,
na mwishoni zinafutana, deni kwa deni.
Ukizinyoosha, kila mmoja unabeba wake.

Nikampigia Firmin Delattre, aliyenifundisha kazi,
aliyekuwa akinigonga vidole kwa koleo
nikisokotoa kupita upana wa ukucha.
"Mpumbavu gani alifunga kitu hiki?"
Kimya. Nikasikia redio yake, mbio za baiskeli.
"Kuna tarehe ya penseli?"
Nikageuza kopo. Ijumaa, Novemba, tisini na nne.
"Basi ni mimi.
Simu ya hospitali iliingia kwa bawabu,
Clothilde ameshikwa na uchungu.
Nikasema, Jumatatu nitarudi kuliweka sawa."

Jumatatu ilikuja na mambo yake.

Nikakata. Nikafunga soketi ya chuma, foili nikaipeleka ardhini,
jozi nikaziacha zimesokotana hadi mlangoni kabisa,
kisha kipande kifupi cha kebo mpya, na swichi.
Nikaipandisha lifti tupu, nikaishusha, nikaipandisha.
Madam Vanhoutte alisimama nami, mikono kifuani,
tukiitazama taa ya kijani kama maziwa jikoni.
Haikupepesa.

Kiungo kile ninacho mfukoni.
Firmin ameniomba nimpelekee Jumapili.
Sikumuuliza atakifanyia nini.